Mtungi Ulioganda na Shimo la Kalisti

Wiki niliyokabidhi funguo za karakana, mkuu wetu aliniomba niwaachie maandishi kuhusu tanuri la gesi, hasa lile jambo linalowasumbua kila msimu wa baridi: mtungi kushika barafu katikati ya kazi na moto kufifia wakati chuma bado kinataka kupigwa. Alisema kurasa mbili zingetosha, zibandikwe ukutani karibu na ndoo ya mchanga. Nimejaribu kuziandika hizo mbili nikashindwa, kwa sababu kila nilipofika mahali pa kusema msichimbe shimo, kalamu iligoma. Basi nimeandika yote. Za kubandika ukutani mtazitafuta wenyewe humu ndani.

Wengi wenu mnanijua kama Fundi Laurian, mzee mkali wa koleo, asiyetaka mtu apige soga karibu na fuawe. Hamkunijua nilipoingia. Baba yangu alitoka Burundi akiwa kijana, akawa kibarua wa kahawa Nyabiyonza, na huko ndiko nilikozaliwa na kusoma hadi darasa la saba. Nilikuja Kayanga kutafuta kazi yoyote ile, nikapewa ya kufagia majivu katika karakana hii, enzi hizo ikiwa banda la bati lenye magunia ya mkaa mpaka mlangoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa miaka mingi nilitembea nikiisikia ile kamba, hata siku ambazo hapakuwa na mtu aliyeivuta. Nalisema hili mapema kwa sababu litawasaidia kuelewa ubaya nilioufanya baadaye, ingawa halitausafisha.

Mhunzi wetu mkubwa alikuwa Mzee Kalisti. Alitoka katika ukoo wa wahunzi. Kwao mtu wa kazi hiyo huitwa omuhesi, na ufundi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kupita dirishani. Mwezi wa tatu wa kufagia kwangu alinisimamisha akaniuliza, kwa Kinyambo, lugha ya huku Karagwe, kama ninaona rangi. Nilidhani ananitania. Akachomoa kipande cha chuma kwenye mkaa, akataka niseme ni rangi gani. Nikasema nyekundu. Akakirudisha, akavukuta kidogo, akakitoa tena. Nikasema sasa ni rangi ya papai bivu. Akanipa nyundo.

Nilisikia baadaye kwamba ndugu zake walimlalamikia kwa kumfundisha mtoto wa kibarua. Aliwajibu kwamba Mungu hakunipa macho haya kwa ajili ya kutafuta majivu. Hilo hakuniambia yeye. Yeye hakuwa mtu wa kusifia mbele ya mtu. Akipendezwa na kazi yako aliigeuza upande wa pili, akaitazama, akaiweka chini bila neno. Asipopendezwa aliiweka chini vilevile, kwa hiyo ilinichukua mwaka mzima kujua nilipo.

Mengi ninayoyajua kuhusu moto aliniambia yeye. Kwamba chuma kinasema wakati wake kwa rangi, na anayepiga chuma chenye wekundu wa kufifia anajenga ufa atakaouona mwenye shamba. Kwamba moto wa mkaa ukianguka, husaidii kwa kuongeza mkaa kwanza, unasaidia kwa pumzi. Alikuwa na mivukuto ya ngozi ya baba yake, na hata tulipopata feni ya kuzungusha kwa mkono aliendelea kuiweka pembeni na kuipaka mafuta ya ng'ombe kila Jumamosi. Hakuruhusu mtu kuiruka kwa mguu. Niliwahi kuiruka kwa haraka zangu, akanirudisha nizunguke, kisha akanirudisha nizunguke tena, ili kama nimeleta mkosi utoke kwa njia uliyoingilia.

Miaka ikaenda. Nikaoa, nikapata watoto, nikawa mtu wa pili pale karakanani. Halafu mkaa ukawa wa shida. Miti ilikuwa imekwisha vilimani, vibali vikawa vingi, na mkuu wa wakati ule akaona tuhamie kwenye gesi. Lilikuja tanuri dogo: pipa la chuma lililotandikwa ndani sufi ya kuzuia joto na udongo wa moto, kichomeo kimoja juu, mpira, na mtungi wa kilo kumi na tano. Mimi ndiye niliyepelekwa mafunzoni majuma mawili. Nilirudi na daftari na majivuno. Mzee Kalisti alisimama mikono kifuani siku nilipoliwasha mara ya kwanza, akasikiliza ule mvumo, akauliza pumzi yake inatoka wapi. Nikamweleza habari ya hewa na gesi kuchanganyika kooni mwa kichomeo. Akasema moto usiopumuliwa na mtu hauna mwenyewe, akaenda kwenye mkaa wake uliobaki.

Ile hali ya kuganda ilitukuta mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu. Nilikuwa na vyuma vitatu ndani. Mvumo ukashuka taratibu, papai likarudi nyekundu, nyekundu ikawa kahawia. Nilipokwenda kwenye mtungi niliukuta mweupe kuanzia chini hadi nusu, ganda la barafu kama lile la ndani ya friji, na vidole vyangu vilinata nilipoushika. Nikajua gesi imekwisha. Nikaupakia kwenye bodaboda hadi Omurushaka, kwa Mama Salma, mwenye duka la gesi, mama mmoja Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Aliuweka kwenye mizani, akanitazama.

"Fundi, unanirudishia gesi yangu mwenyewe. Haujaisha huu. Umepata baridi tu."

Alisema nikauache ukae juani. Nami nikaondoka upesi kabla hajamaliza kuzungumza, kwa sababu pale dukani walikuwapo watu na mimi nilikuwa fundi wa gesi mwenye daftari. Nilichobeba kichwani ni kimoja: ugonjwa ni baridi, kwa hiyo dawa ni joto. Nusu ya elimu hiyo ndiyo iliyotuunguza.

Baada ya hapo tukapata kazi kubwa. Mnyauko ulikuwa umeingia migombani Nyabiyonza na vijiji vya jirani, na wakulima walitakiwa kukata na kung'oa mashina yote yaliyougua kabla ugonjwa haujavuka kwenda kwa wenzao. Walitaka mihoro, zile mundu zetu za kupogolea migomba, arobaini, ndani ya juma moja. Mkuu alinipa kazi hiyo niifanye kwa gesi peke yake. Alisema waziwazi mbele ya wote kwamba hapo ndipo tutakapojua kama gesi inafaa au irudishwe ilikotoka. Hakusema kama mimi nami nitarudishwa nilikotoka, lakini kuku mgeni husikia hata yasiyosemwa.

Jumatatu mtungi uliganda kabla ya saa nne. Nikauviringishia blanketi la nyumbani, lile zito, nikaona nimepata. Ukaganda upesi zaidi. Jumanne Mzee Kalisti alikuwa anakwenda Omurushaka kumsalimia binti yake, akaturudia jioni na mtungi mwingine uliojaa. Nao Jumatano asubuhi ukashika barafu. Nilikuwa na mihoro sita tu, na mvua ndogo ilikuwa inanyesha juu ya bati.

Hapo ndipo nikakumbuka shimo la ndizi. Nyumbani kwetu, na kwenu wengi, ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, huivishwa shimoni: unachimba, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika, na pembeni unachimba kijia chembamba unakowasha moto mdogo ili joto na moshi viingie taratibu. Moto haugusi ndizi. Kila mtoto wa Karagwe anajua kwamba shimo la namna hiyo linatunza joto kuliko nyumba. Nikajiambia, mtungi nao ni kitu cha kuivishwa. Nyuma ya ukuta wa karakana nikachimba shimo la kufika magotini, nikausimamisha mtungi, nikaujazia majani makavu pande zote, na umbali wa mkono mmoja nikachimba kijia na kuweka makaa ya moto kwenye mdomo wake.

Ujanja huo ulifanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo penye hatari ya jambo lolote la kijinga. Barafu iliyeyuka, mvumo ukarudi, nikapiga mihoro tisa kabla ya chakula cha mchana. Alhamisi nikapiga mingi zaidi. Mzee Kalisti alipita nyuma ya ukuta siku ile ya kwanza, akasimama kwenye shimo, akalitazama kwa muda, akaenda zake. Nilichukulia kwamba ameligeuza upande wa pili na kuliweka chini.

Ijumaa, karibu saa tano, nilikwenda nyuma kuongeza makaa. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa zile siku za baridi na joto kupishana, na pale unapoingia kwenye regyuleta ulikuwa umelegea. Sikunusa kitu kwa sababu upepo ulikuwa mgongoni kwangu. Nilisikia mlio kama shuka kubwa likikung'utwa mara moja, nikaona moto wa samawati ukitambaa chini kutoka kwenye kijia hadi shimoni, halafu majani yote yakashika.

Nitaandika nilichofanya. Nilikimbia. Nilikimbia hadi kwenye ua wa michongoma, na nilipogeuka nilimwona Mzee Kalisti, bila aproni wala glavu, akipiga goti kando ya shimo na kuingiza mkono wa kulia katikati ya moto. Alikuwa akitafuta valvu. Aliipata, akaizungusha, ikagoma, akaizungusha tena hadi ikafunga. Kisha akayavuta majani yanayowaka kwa mkono uleule akayatupa mbali na mtungi. Mtungi haukulipuka. Kama ungelipuka, ukuta ule na watu waliokuwa nyuma yake wangekwenda, na mimi ningebaki michongomani nikihesabu.

Hospitalini walimfunga mkono hadi kwenye kiwiko. Mkuu alikuja jioni ileile. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kando ya kitanda. Aliuliza ni nani aliyechimba lile shimo. Nilifungua mdomo, nakumbuka niliufungua, na nikafikiria nyumba ya kupanga, watoto wangu, na baba yangu akiinama chini ya mibuni ya watu. Mzee Kalisti akasema, "Mimi."

Mkuu akanitazama. Nikatazama sakafu. Akasema kwa masikitiko kwamba wazee nao wana mambo, halafu akaondoka. Nilitaka kusema neno, Mzee akanitangulia.

"Ukubwa jalala, Laurian. Nenda kamalize mihoro ya watu."

Nilikwenda nikaimaliza. Nilifanya kazi Jumamosi na Jumapili, mtungi ukiwa juani na nikisubiri kila ulipopoa, na ilitimia arobaini. Gesi ikabaki, nami nikabaki. Mkono wa Mzee Kalisti ulipona ukiwa umekunjamana, vidole vinne vimejifunga kiganjani pamoja na dole gumba, na nyundo haikushikika tena. Alichukua mivukuto yake akarudi kwao Kyerwa. Hakuna aliyempigia makofi wala kumpa mkono wa kwaheri, maana alikuwa anaondoka kama mtu aliyekosa.

Sasa ya ukutani. Nilirudi kwa Mama Salma juma lililofuata, nikakaa kwenye kigoda chake, na mara hii sikuondoka kabla hajamaliza. Mengine nimeyajua kwa kuyafanya miaka hii yote. Someni polepole.

Gesi ndani ya mtungi ni maji, si ya kisima bali gesi yenyewe iliyobanwa ikawa ya kumiminika. Inayotoka kwenye mpira ni mvuke wa maji hayo, na ili kitu kiwe mvuke lazima kipate joto. Mtu akitoka kuoga na upepo ukampiga husikia baridi, kwa sababu maji yanayokauka mwilini yanachukua joto lake. Mtungi nao ni hivyo hivyo. Jiko la kupikia linachukua kidogo, mtungi unapata muda wa kujipasha kwa hewa iliyouzunguka. Tanuri linakunywa kwa pupa. Mtungi unapoa kuliko hewa inavyoweza kuupasha, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na ukishapoa sana maji ya ndani hayataki tena kuwa mvuke. Moto unakufa na gesi ingalimo. Ule mstari wa barafu mnaouona nje unawaonyesha maji yamefika wapi ndani, kwa hiyo angalau una faida hiyo moja.

Dawa ya kwanza ni ukubwa. Mtungi mdogo wa kilo sita msiufunge kabisa kwenye tanuri, utawaaibisha ndani ya nusu saa. Mtungi mkubwa uliojaa una maji mengi na ngozi pana ya kupokea joto. Ulioanza kuisha huganda upesi kuliko uliojaa, kwa hiyo kazi ndefu ianzwe na uliojaa, ule wa nusu ufanye kazi fupi. Dawa ya pili, na ndiyo tunayotumia sasa, ni kufunga mitungi miwili, au mitatu kama ipo, kwa kiungio cha tii, kile chenye midomo mitatu, ili ichangie mzigo. Kila mmoja unatoa kidogo na hakuna unaopoa sana. Viungio vyote vipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha, kila asubuhi, hata kama mlivipaka jana. Povu likitoa jicho, hamuwashi.

Dawa ya tatu ni maji. Ile nusu ya pipa mnayoiona mlangoni ndiyo kazi yake. Simamisheni mtungi ndani yake, maji yafike nusu ya mtungi, yawe ya uvuguvugu ambao mtu anaweza kuacha mkono wake humo akasimulia habari za nyumbani. Yakiwa ya kuunguza mkono, yanaunguza kazi pia. Yakipoa, badilisheni. Maji hayaujui ujanja, yanagawa joto polepole pande zote, na hayawaki.

Blanketi acheni nyumbani. Mimi nililifunga nikidhani naupa mtungi joto, kumbe blanketi halina joto lake lenyewe. Mtungi unajipasha kwa hewa ya nje, nami nikaufungia hewa hiyo nje. Msiulaze chini ili kukamua yaliyobaki, maana utatoa maji badala ya mvuke na kichomeo kitatapika moto. Mkiona mvumo unashuka, msifungue regyuleta zaidi. Punguzeni, fungeni mlango wa tanuri vizuri ili joto lisipotee, pigeni kazi ndogo huku mtungi ukipumzika. Asubuhi za ukungu subirini jua. Najua hampendi kusubiri, lakini chuma hakina miguu, mtakikuta.

Na msiupashe mtungi kwa moto, wa makaa wala wa karatasi wala wa kiberiti. Wala mtungi usikae penye shimo, mtaro, au chini ya ngazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki juu ikapotea, inatambaa na kukaa bondeni kama maji ya mvua, inasubiri cheche. Mtungi ukae juu ya ardhi tambarare, nje ya ukuta, penye upepo, mbali na tanuri kwa urefu wote wa mpira.

Hayo ndiyo mkuu aliyoyataka. Yangu hayajaisha.

Sijui ni nani aliyeanza kuliita Shimo la Kalisti. Najua ni nani aliyelifundisha. Kila kundi jipya lilipokuja nilisimama pale lilipofukiwa, nikawaonyesha ardhi iliyobonyea, nikawaambia hili ni Shimo la Kalisti, hapa mtu mzima alitaka kuivisha gesi kama ndizi. Mlicheka. Nilikuwa mcheshi siku hiyo moja tu kwa mwaka, na mliingoja. Neno likatoka likaenda hadi kwa mafundi wa kuchomelea wa Omurushaka, na leo mtu akifunga waya vibaya kwenye pikipiki anaambiwa amechimba Shimo la Kalisti, na anayesema hajui kama Kalisti ni mtu aliye hai. Binti yake ana meza ya nguo sokoni palepale. Yeye anajua.

Sikuwa mkatili kwa makusudi. Niliogopa, na nilipoona woga umenisaidia mara moja niliendelea kuula kama chakula cha kila siku. Kila Krismasi nilimpelekea Mzee sukari na sabuni, tukaongea habari za mvua na kahawa, nikarudi. Nilijiambia kwamba ameridhika.

Kwenye sherehe yenu ya kuniaga mlimwalika, na nawashukuru kwa hilo, hamkujua. Alikaa meza ya mbele akiwa na koti. Mkafanya igizo. Mmoja wenu akajifunga majani ya mgomba tumboni, akatembea kikongwe, akaingia ndani ya sanduku la kadibodi na mtungi mtupu, na ukumbi mzima ukapasuka. Mzee Kalisti alicheka pamoja nanyi. Kisha nikamwona anautoa mkono wa kulia juu ya meza na kuuweka chini, magotini, pasipoonekana. Nilitoa hotuba ya shukrani na sikumbuki hata neno moja.

Nilikaa majuma mawili nikiandika haya, nikapanda basi dogo la Kyerwa nikiwa nayo kwenye mfuko wa nailoni. Nilimkuta nje anaanika kahawa kwa reki aliyoishika kwa mkono wa kushoto. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba akauliza sukari iko wapi, maana haikuwa Krismasi na alitaka kujua nimekuja kwa sheria gani. Nikamwambia nimekuja kumsomea. Macho yake hayashiki tena maandishi, na hata zamani hayakuyashika sana. Tukaingia ndani.

Nilimsomea yote, tangu majivu hadi sherehe. Nilipofika pale mkuu alipouliza ni nani, niliusoma mstari uleule mara mbili. Nilipomaliza nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa Kinyambo. Kwa Kiswahili nilikuwa nimejizoeza njia nzima, na nilihisi yaliyozoewa hayatoshi.

Alisema maandishi yana pengo.

"Umeandika kwamba nilipita, nikalitazama shimo, nikaenda zangu. Hukuandika kwa nini."

Nikasema sijui kwa nini.

"Mimi ninajua. Jumanne ile nilipoufuata mtungi, yule mama wa Omurushaka alinishika bega. Akasema, mzee, waambie wenzako gesi ikivuja inalala chini, isikae penye shimo wala karibu na moto. Akasema waambie, akarudia. Sikuwaambia, waitu, ndugu yangu." Alipangusa mdomo. "Nilipoliona shimo lako nikajua. Nikasema moyoni, acha limwaibishe mbele ya mkuu, gesi irudi kwao, sisi turudi kwenye mkaa. Nilidhani itazimika tu. Sikudhani itawaka na wewe uko pale."

Nilibaki nimepiga magoti kwa sababu sikujua kama ninapaswa kuinuka.

"Kwa hiyo siku ile hospitalini sikukubebea lako, Laurian. Nilikuwa nasema langu. Wewe ukadhani ni zawadi. Kila ukileta sukari nilitaka nikuambie, nikaona aibu, nikainywa."

Tulikaa hapo, wazee wawili, kila mmoja akiwa amemwogopa mwenzake miaka yote hiyo kwa kitu kilekile. Nililia, na yeye alilia. Nikamwambia kwamba hilo lake nitaliacha, kwamba aliyechimba ni mimi na aliyeingiza mkono motoni ni yeye, na hayo yanatosha kuandikwa. Akakataa kabisa. Alisema vijana wa karakana wamecheka uongo kwa muda mrefu, na kama wanataka kuendelea kucheka basi wapewe kweli yote, wacheke nayo.

Alinitaka niandike palepale mbele yake. Nikaandika kwenye meza yake ya chakula, nikamsomea mara mbili, mara ya pili akarekebisha neno moja. Kisha akauliza kama nina wino wa muhuri. Sikuwa nao. Nikampaka kalamu yangu kwenye dole gumba la kushoto, kwa kuwa la kulia halikunjuki, akalikandamiza chini ya ukurasa kando ya sahihi yangu, na akalishikilia hapo mpaka alipoamini limeshika.